Uzi: Wanamuziki wa Okinawa, walioondoka, waliorudi na waliogoma kuondoka

Kijukuu cha Gambusi (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, salaam. Katika mjadala wa wiki iliyopita kuhusu muziki wa Japani, mjumbe mmoja aliandika kwamba wanamuziki wote wa nchi ile hupikwa Tokyo, na kwamba mikoani hakuna kitu. Nilianza kumjibu palepale, lakini jibu likarefuka hata nikaona ni heri lipewe uzi wake. Nitazungumzia mkoa mmoja, Okinawa, na swali moja: je, mwanamuziki wa huko hulazimika kuondoka kisiwani ili asikike? Niliwahi kukaa Urasoe, jirani na jiji la Naha, kwa mafunzo ya JICA, shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa, ya miezi minne, na jioni nyingi nilizimalizia katika vilabu vidogo vya nyimbo za kienyeji. Baadhi ya haya nimeyaona, mengine nimeyasoma tangu niliporudi.

Tuanze na mahali penyewe, maana bila kupajua muziki wake utaonekana kioja. Okinawa iko umbali wa takriban kilomita 1,500 kutoka Tokyo, na ukiwa Naha, Taipei iko karibu zaidi kuliko mji mkuu wa nchi yako. Ulikuwa ufalme wa Ryukyu tangu mwaka 1429 hadi Japani ilipoufuta mwaka 1879. Mwaka 1945 vita vilipita pale kwa miezi mitatu, na inakadiriwa kwamba raia mmoja kati ya kila wanne alikufa. Wamarekani wakakitawala kisiwa hadi tarehe 15 Mei 1972, na hadi leo takriban asilimia 70 ya ardhi yote inayotumiwa na kambi za Marekani pekee nchini Japani imo katika mkoa huu, ambao ni asilimia 0.6 tu ya nchi. Msanii wa Okinawa, basi, amewahi kupiga ala mbele ya wafalme wake, mbele ya askari wa kigeni na mbele ya Wajapani wa bara, na kila hadhira ilimlipa kwa fedha tofauti.

Ala yao kuu ni sanshin, maana yake nyuzi tatu. Ilitoka China, ikapata makazi katika kasri la Ryukyu, na katika karne ya 16 ikavuka hadi bara ya Japani, ambako ilizaa shamisen. Wenzetu wa pwani wanaolikumbuka gambusi la zamani, lile lenye tumbo la ngozi, wataielewa upesi: sanshin nayo tumbo lake limewambwa ngozi, ila ni ngozi ya chatu, na magamba yake huonekana wazi. Shingo haina vigawanyo vya sauti, na ile iliyo bora huchongwa kwa mti mweusi mgumu uitwao kuruchi, mithili ya mpingo. Mpigaji huvaa kidoleni ukucha mrefu wa pembe ya nyati. Uzi mnene huitwa uujiru, uzi wa kiume; mwembamba huitwa miijiru, uzi wa kike; na wa katikati hauna jinsia, ni nakajiru tu. Mzee aliyenipakatisha sanshin yake katika kilabu kimoja alinirekebisha mara tatu mkono wa kulia bila kusema neno, akinishika kifundo na kukishusha, kwa sababu nilikuwa naukwaruza uzi kama gitaa, ilhali wao huushukia kwa uzito wa kidole na kuuacha ukucha utue juu ya uzi unaofuata.

Sauti yenyewe utaitambua kwa jaribio dogo la kinanda. Piga do, mi, fa, so, si, do, uruke re na la. Ukienda na kurudi mara mbili tu, utakuwa umekwisha kufika Okinawa.

Mwaka 1945 sanshin nyingi ziliteketea pamoja na nyumba. Katika kambi ambamo raia walikusanywa, watu waliokota makopo matupu ya chakula cha jeshi la Marekani, wakayatia shingo za mbao za vitanda na mbao nyingine za kuokota, wakatumia nyuzi za parachuti. Ala hiyo huitwa kankara sanshin, na bado huundwa kwa ajili ya watoto wa shule. Katika kambi ya Ishikawa daktari wa meno aliyeitwa Onaha Buten, ambaye pia alikuwa mchekeshaji, alizunguka nyumba kwa nyumba usiku akiwa na kijana wake wa kazi, Teruya Rinsuke, akibisha hodi kwa watu waliofiwa na kuwaambia: "Nuchi nu sūji sabira", yaani tusherehekee uhai. Wengine walishangaa kwamba mtu anaweza kuimba juu ya makaburi mabichi namna ile. Jibu lake lilikuwa kwamba waliobaki wasipocheka, hata waliokufa hawatapumzika. Yule kijana Teruya atarudi tena katika simulizi hii, naomba mlishike jina lake.

Bint Utenzi

Asante kwa uzi, ndugu yangu. Umetaja wafalme na kambi, lakini hukutaja santuri, nami nadhani swali lako la kuondoka au kubaki linaanzia hapo. Sisi Zanzibar tunajua kwamba Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kwenda kurekodiwa, kwa kuwa mitambo ilikuwa huko. Watu wa Okinawa walirekodiwa wapi zama hizo?

Kijukuu cha Gambusi

Dada, umenifungulia mlango niliokuwa nautafuta. Walirekodiwa Osaka, na aliyewarekodi alikuwa mwenzao. Fukuhara Chōki, mzaliwa wa mwaka 1903, aliondoka kisiwani kutafuta kazi kama maelfu ya vijana waliokwenda kwenye viwanda vya Osaka, na mwaka 1927 akaanzisha kampuni ya santuri ya Marufuku. Wateja wake walikuwa vibarua wa Okinawa waliokuwa ugenini, pamoja na waliohamia Hawaii na Amerika ya Kusini, watu waliokuwa tayari kutumia sehemu ya ujira wao kusikia lugha ya nyumbani. Yeye mwenyewe alitunga na kuimba, na nyimbo zake kadhaa za waliohama na za askari wanaoaga wake zao bado zinaimbwa leo.

Kwa hiyo jibu la kwanza la swali langu lina mkunjo: mwanamuziki aliondoka, lakini hakuwa akiwafuata wasikilizaji wapya. Aliwafuata wasikilizaji wake walioondoka kabla yake.

Waliobaki nyumbani walikuwa na soko lao dogo lililojitosheleza. Kadekaru Rinshō, aliyezaliwa mwaka 1920 na kufariki mwaka 1999, ndiye aliyeitwa mungu wa nyimbo za kisiwa. Ukimsikiliza kwa mara ya kwanza utadhani hajali, kwa sababu anaimba kama mtu anayezungumza na jirani juu ya ua. Kisha unagundua kwamba ameubadilisha ubeti papo hapo na kwamba sauti yake inatangulia uzi au kuchelewa kwa makusudi. Noborikawa Seijin alikuwa na kasi ya mkono iliyowafanya watu wamfananishe na mpiga gitaa Jimi Hendrix. Na Oshiro Misako, aliyefariki mwaka 2021, aliimba nyimbo za huzuni kwa sauti kavu isiyo na pambo hata moja. Mimi nampenda kuliko wote, na sitajifanya kuwa sina upendeleo.

Msomaji Mkimya

Mkuu, hiyo lugha waliyoimbia ni Kijapani cha lafudhi nyingine, au ni lugha kamili? Nauliza kwa sababu hata mashabiki wa Japani ninaowajua husema hawaelewi kitu.

Kijukuu cha Gambusi

Ni lugha kamili, na si moja. UNESCO mwaka 2009 iliorodhesha lugha sita za visiwa vya Ryukyu kuwa hatarini kutoweka. Ni ndugu wa Kijapani, lakini mtu wa Tokyo haelewi. Shuleni, mtoto aliyeteleza akasema lugha ya nyumbani alivishwa shingoni kibao cha mbao kiitwacho hōgen fuda, naye alikaa nacho hadi atakapomnasa mwenzake mwingine.

Mtoto wa Likoni

Hapo nimesimama kwanza. Sisi tuliosoma Kenya tulikiita monto, na sheria ilikuwa hiyo hiyo, unakaa nacho mpaka umpate wa kumpa. Sikujua kwamba upande wa pili wa dunia walikuwa na dawa moja na sisi. Endelea, mkuu, samahani kwa kukukatiza.

Kijukuu cha Gambusi

Hujanikatiza, umenisaidia. Kwa kuwa lugha ilifukuzwa darasani, ilijificha katika wimbo, na ndiyo maana mwimbaji wa kienyeji kule hubeba uzito kuliko mburudishaji wa kawaida.

Sasa twende Koza, ambako nitakaa kidogo, maana hapo ndipo penye utamu wote. Koza ni mji uliokua mbele ya lango la kambi ya anga ya Kadena. Tangu mwaka 1974 jina lake rasmi ni jiji la Okinawa, lakini wenyeji bado husema Koza. Wakati wa vita vya Vietnam askari walitoka langoni wakiwa na mshahara mfukoni, wengi wao wakiwa hawajui kama watarudi. Baa zilizoruhusiwa kuwapokea zilibandika cheti chenye herufi A. Fedha ilikuwa dola, kwani dola ndiyo iliyotumika kisiwani kote tangu mwaka 1958. Hata ubaguzi wa Marekani ulihamia hapo pamoja na mabegi yao: askari weusi walikuwa na baa zao mtaa wa Teruya (msichanganye na yule kijana), weupe upande wa Goya, na kuingia upande usio wako kulikuwa kutafuta ngumi. Bendi ya Koza ilipaswa kujua ipigie muziki gani na ng'ambo ipi ya barabara.

Vijana waliolelewa kwa kazi hiyo walikuwa wakali ajabu, kwa kuwa hadhira yao haikusamehe. Askari aliyechukia wimbo alirusha chupa, na aliyependezwa alirusha noti. Bendi maarufu kuliko zote ilikuwa Murasaki, iliyoundwa mwaka 1970 na mpiga kinanda George Murasaki. Neno murasaki ni zambarau, na bendi ya Uingereza waliyoisujudu ilikuwa Deep Purple. Purple nayo ni zambarau. Kulikuwa pia na Condition Green, waliopewa jina kutokana na amri ya kijeshi, na ambao vituko vyao jukwaani vilijulikana kuliko nyimbo zao. Usiku wa tarehe 20 Desemba 1970, katika barabara hizo hizo, hasira za miaka zilifumuka baada ya gari la Mmarekani kumgonga mwenyeji, na zaidi ya magari 70 ya Wamarekani yakachomwa moto. Wanamuziki wa mji ule, basi, waliishi kwa dola za watu ambao majirani zao walikuwa wakiwachomea magari. Naomba jambo hilo tusilipite haraka, kwa sababu wapenzi wengi wa muziki wa roki husimulia Koza kama paradiso.

Mwaka 1972 kisiwa kilirudishwa Japani, dola zikabadilishwa kwa yeni 305 kila moja, na vita vya Vietnam vilipokoma wateja wakapungua. Murasaki walitoa albamu yao ya kwanza mwaka 1976, wakati ambapo kilichowalea kilikuwa kimekwisha kuanza kufifia. Hao hawakuhitaji kwenda Tokyo wakati wa neema. Walipohitaji, Tokyo iliwaona kama kitu cha kigeni.

Fundi Redio

Naomba nipinge kidogo. Umetumia maneno mengi kwa bendi ambazo nje ya Japani hazijulikani, na hujamtaja Kina Shoukichi, ambaye nyimbo zake zimeimbwa Asia nzima. Huyo alikuwa wa Koza pia. Na hujamtaja Amuro Namie, nyota wa pop. Mtu anayeandika juu ya Okinawa bila Amuro ni kama fundi aliyesahau spika.

Kijukuu cha Gambusi

Nakubali lawama, nilikuwa nakuja huko. Kina Shoukichi alizaliwa mwaka 1948, baba yake Kina Shōei akiwa mwimbaji wa kienyeji mwenye jina. Akiwa bado mwanafunzi alitunga "Haisai Ojisan", yaani shikamoo mzee, wimbo wa kijana anayemtania mlevi wa mtaa. Una mwendo wa kuchezeka sana, na wengi hawajui kwamba mlevi mwenyewe alikuwa mtu wa kweli, jirani ambaye familia yake ilipatwa na msiba wa kutisha baada ya vita, naye akatengwa na watu. Wimbo huo ulikuja kuwa wa kushangilia timu za besiboli za shule za Okinawa. Mwaka 2010, shule ya Konan ilipotwaa ubingwa wa taifa wa masika na wa kiangazi, kulizuka malalamiko kwamba wimbo wa mlevi hauwafai wanafunzi. Ningekuwa mimi ningeuacha upigwe, kwani aliyeutunga naye alikuwa mwanafunzi.

Wimbo wake wa pili ndio uliosafiri. "Hana", yaani maua, uliotoka mwaka 1980 katika albamu aliyoshirikiana na mpiga gitaa wa Marekani Ry Cooder, umetafsiriwa katika lugha nyingi, na toleo la Kichina la mwimbaji Emil Chau la mwaka 1993 lilivuma kiasi kwamba wengi hudhani wimbo ni wa Kichina. Kina mwenyewe aliingia siasa na kuwa mjumbe wa baraza la juu la bunge la Japani kuanzia mwaka 2004 hadi 2010. Cha muhimu kwa swali letu ni kwamba wimbo ulitoka kisiwani ukaenda Taiwan, Hong Kong na Thailand bila kuomba ruhusa ya vyombo vya habari vya Tokyo.

Sasa Teruya niliyewaambia mlishike jina lake. Rinsuke alikua akawa mcheshi, mwalimu wa nyimbo na mtu wa vituko, hata mwaka 1990 akatangaza kwa mzaha kwamba Koza ni taifa huru na yeye ndiye rais. Mwanawe, Rinken, aliunda Rinken Band mwaka 1977. Waliweka sanshin na ngoma za eisa, zile zinazopigwa wakati wa kuwapokea na kuwaaga mizimu ya wahenga, pamoja na kinanda cha umeme na besi, lakini wakaweka sharti moja: kuimba kwa lugha ya Okinawa. Hawakuhamia Tokyo, Rinken alijenga studio na ukumbi wake Chatan. Mwaka 1990 mwanamuziki aitwaye China Sadao naye akawakusanya wanawake wanne akawaita Nenes, yaani dada wakubwa, wakiimba kwa sauti zilizofungamana bila mmoja kumzidi mwenzake. Hawa wawili, Rinken na Sadao, ndio waliowafanya vijana wa miaka ya 1990 waache kuona aibu kubeba sanshin mitaani.

Kuhusu Amuro, nitakuwa mwepesi kwa sababu habari zake ziko kila mahali. Alizaliwa Naha mwaka 1977, akapata nafasi katika Okinawa Actors School, chuo kilichofunguliwa na Makino Masayuki mwaka 1983 kufundisha watoto kuimba na kucheza kwa pamoja. Kutoka chuo hicho vikatoka pia vikundi vya MAX, SPEED na Da Pump. Kwa miaka michache hivi chati za Japani zilijaa watoto wa kisiwa chenye watu wasiozidi milioni 1.4. Hao wote waliondoka. Kabla yao aliondoka mwimbaji Minami Saori, ambaye mwaka 1971 alikwenda Tokyo wakati mtu wa Okinawa bado alihitaji pasipoti kuingia Japani, pamoja na ndugu watano wa kikundi cha Finger 5.

Bint Utenzi

Lakini unaweza kuuita muziki wa Amuro muziki wa Okinawa? Hakuna sanshin, hakuna lugha, hakuna ile ngazi ya sauti uliyotupigia kwenye kinanda. Akiwa ametoka kokote kule, nyimbo zingekuwa zile zile.

Kijukuu cha Gambusi

Swali zuri, na nimelibadilishia jibu mara mbili. Zamani ningesema la. Siku hizi nasema kwamba Amuro alicheza na kuimba muziki wa Wamarekani weusi kwa wepesi ambao Tokyo haikuwa nao, na ule muziki Okinawa iliupokea kupitia uzio wa kambi, hata kama yeye hakuwahi kukanyaga baa ya Koza. Pia kuna alichofanya mwishoni: alipoamua kustaafu mwaka 2018, onyesho lake la mwisho hakulifanya Tokyo. Alilifanya Ginowan tarehe 15 Septemba, akaacha kazi siku iliyofuata. Alikuwa na viwanja vyote vya nchi vya kuchagua.

Waliorudi ni wengi kuliko tunavyodhani. Mwimbaji Natsukawa Rimi wa kisiwa cha Ishigaki, mkoa huo huo, alipelekwa Tokyo akiwa binti mdogo, akaimbishwa enka, nyimbo za huzuni za Kijapani, kwa jina la bandia tangu mwaka 1989, akashindwa kuvuma, akarudi Naha kufanya kazi katika baa ya dada yake. Alijaribu tena baadaye kwa jina lake mwenyewe, na mwaka 2001 akarekodi "Nada Sōsō", machozi yatiririkayo. Maneno ni ya Moriyama Ryoko, aliyeyaandika akimkumbuka kaka yake aliyefariki, na muziki ni wa BEGIN, bendi ya marafiki watatu wa Ishigaki hiyo hiyo. Bibi mwenye duka la chakula nililozoea kula Urasoe alikuwa akipunguza moto wa jiko kila wimbo huo ulipoanza redioni, ausikie mpaka mwisho, kisha anaongeza moto tena bila kusema kitu, na mteja alisubiri.

Mtoto wa Likoni

Mimi nilianza na "Shima Uta". Nilidhani hao ndio wenyewe wa Okinawa. Na mwimbaji Hajime Chitose je?

Kijukuu cha Gambusi

Umegusa vidonda viwili kwa pamoja, ndugu. "Shima Uta" ni wa bendi ya The Boom, na mtunzi wake Miyazawa Kazufumi ni mtu wa Yamanashi, bara kabisa. Aliutunga baada ya kutembelea jumba la makumbusho la wasichana wa Himeyuri, wanafunzi waliopelekwa kuuguza majeruhi vitani na wengi wao kufa, na mwaka 1993 ukavuma Japani nzima. Ukiusikiliza vizuri, sehemu inayozungumzia waliokufa inaacha ngazi ya Ryukyu na kuhamia ngazi ya kizungu. Ulifika hadi Argentina, ambako Alfredo Casero aliuimba kwa Kijapani. Wapo Waokinawa waliochukizwa kwamba mgeni ndiye aliyefaidika na simulizi lao, na siwalaumu. Hata hivyo, Miyazawa alirudi na kulipa kwa njia isiyo ya kawaida: sanshin zilipopendwa nchini kote, miti ya kuruchi ilipungua, naye tangu mwaka 2012 amekuwa akishiriki kuipanda huko Yomitan, mti ambao huchukua zaidi ya miaka 100 kufaa kuchongwa. Hataona hata shingo moja ya sanshin itakayotoka hapo.

Hajime Chitose ni wa Amami Ōshima, kisiwa kilicho mkoa wa Kagoshima na ambacho kilirudishwa Japani mapema zaidi, Desemba 1953. Neno lenyewe la shima uta asili yake ni Amami. Waimbaji wao huruka kutoka sauti ya kifua kwenda sauti nyembamba ya kichwa, jambo ambalo mwimbaji wa Okinawa halifanyi. Kumwita Mwokinawa mbele ya mtu wa Amami ni kosa litakalokugharimu soda mbili.

Sasa waliogoma kuondoka. Mwaka 2001 vijana watatu wa Urasoe, Mongol800, walitoa albamu iitwayo "Message" bila kampuni kubwa. Iliuza zaidi ya nakala milioni 2 na ikawa albamu ya kwanza ya lebo huru kushika nafasi ya kwanza katika chati ya Oricon. Walikuwa wakipiga panki ya gitaa, besi na ngoma, wakiimba mapenzi na pia hasira zao juu ya kambi, na walipoombwa kuhamia Tokyo walibaki. HY wa Uruma, ambao jina lao ni kifupi cha kitongoji chao cha Higashi Yakena, wakafuata njia hiyo, na albamu yao ya mwaka 2003 nayo ikashika namba moja. Orange Range wa Koza walisaini na kampuni kubwa mwaka 2003, lakini hata hao walibaki na mguu mmoja nyumbani. Hapo ndipo swali langu lilipobadilika: kuondoka hakukuwa tena sharti, kukawa uamuzi.

Na upo upande wa tatu. Alberto Shiroma alizaliwa Lima, mjukuu wa Waokinawa waliohamia Peru, akaja Japani katika miaka ya 1980, na mwaka 1991 akaunda Diamantes huko Koza, akiimba Kihispania na Kijapani kwa mahadhi ya Kilatini. Familia yake iliondoka kisiwani, yeye akarudi. Awich naye, mwanamke wa Naha anayeimba rap, alikwenda Atlanta akiwa kijana, akaolewa, akafiwa na mumewe kwa risasi, akarudi kisiwani na binti yao, na mwaka 2022 akaujaza ukumbi wa Budokan wa Tokyo. Ameingiza lugha ya Okinawa katika rap bila kuilainisha kwa ajili ya bara.

Fundi Redio

Nimekubali, spika imerudi mahali pake. Sasa tupe mpangilio: mtu asiyejua chochote aanze wapi, na ukiwa mle kilabuni unafanya nini ili usiaibike?

Kijukuu cha Gambusi

Anza na Oshiro Misako usiku, peke yako. Kisha Rinken Band mchana, ukiwa na watu. Kisha Mongol800 ukiwa garini. BEGIN waweke mwisho, maana wataulainisha moyo wako na hutarudi tena kwa Murasaki.

Kilabuni, agiza kinywaji, kaa, piga makofi kwa kuchelewa kidogo kuliko unavyodhani, kwa kuwa kofi lao huangukia nyuma ya pigo. Mpigaji atakapoongeza kasi ghafla na wote kusimama, hiyo ni kachāshī, nayo haina mtazamaji. Inua mikono juu ya kichwa, uielekeze upande mmoja kisha mwingine kama mtu anayefungua na kufunga mlango wa kusukuma. Wanaume hukunja ngumi, wanawake huacha viganja wazi. Mimi usiku wa kwanza niliacha viganja wazi, na bibi aliyekuwa mbele yangu aligeuka, akanikunjia vidole kimoja kimoja, akaendelea kucheza.